Sisi Akina Makilopi wa Kasulu

Jumanne, 8 Julai

Nimekataliwa! Si kabisa. Nimewekwa pembeni kama gunia la mahindi mabichi.

Nilikwenda Kibondo na kanzu ya pasi kumdokezea Mzee Saady kwamba namtaka binti yake Asmahani. Mzee ana duka la vitambaa na asili ya pwani. Babu zake anawataja mmoja mmoja mpaka pumzi inamwisha. Akaniuliza mimi wa ukoo gani. Nikajibu kwa fahari: Abdalah Ndayisaba, baba Nkunzimana, babu Habonimana, dada yangu Niyonkuru. Mzee akavua miwani. Akasema haya majina hayajuani hata kidogo, je, hii ni familia au ni abiria wa basi?

Nikamweleza kwamba sisi wenye asili ya Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, hakuna la kurithi. Akasema sawa, nikatafute ukoo, nikiupata nirudi. Nisipoupata, wapo wenye ukoo.

Mwenye ukoo alikuwa palepale kwenye benchi anakunywa kahawa. Lukmani! Muuza ndoo! Jina lake la mwisho ni moja toka kwa babu wa babu yake. Akaniuliza kama nauli ya kurudi Kasulu nitalipa kwa jina lipi.

Asmahani alinisindikiza hadi barazani. Akasema yeye hatafuti ukoo, anatafuta mtu asiyemchosha. Ila bila radhi ya baba haolewi, nisijidanganye. Sauti ile! Nimesafiri hadi Kasulu bila kuona mlima hata mmoja.

Alhamisi, 10 Julai

Ukungu ulishuka leo mpaka kwenye mabati ya soko. Nilikaa kwenye kibanda changu cha saa na miwani, natengeneza saa ya mtu, naota macho wazi. Hakuna mteja. Nani anunue miwani wakati hakuna kinachoonekana?

Nikafungua simu. Na hapo, wapenzi, nikaiona Uskoti.

Ukungu uleule! Milima ileile! Na watu wake wana ukoo, tena wa miaka mia tano. Kilichonifurahisha zaidi: jina la ukoo wanaliandika watakavyo. Mtu anabatizwa Makilopi, anaoa akiwa Makilapi, anazikwa Magilipi, na wote wanakubali ni marehemu mmoja. Karani aliandika alivyosikia, basi. Hapa kwetu ukikosewa herufi moja kwenye kitambulisho, unazungushwa mpaka mvua zinyeshe.

Wakarimu namna hii watanikataaje?

Ushahidi ninao. Marehemu babu Habonimana alikunywa uji wa chumvi, na Waskoti hunywa uji wa chumvi, nimesoma. Pili, pua ya baba. Tatu, mimi mwenyewe baridi hainisumbui.

Nimemwandikia katibu wa chama cha akina Makilopi duniani. Mama mmoja, anaitwa Elspethi. Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, lakini kina moyo.

Mchana nilisinzia juu ya meza. Nikamwona Asmahani katika nyumba ya mawe, ukungu ukipita dirishani kama kondoo, au kondoo wakipita kama ukungu, sikutofautisha. Ananimiminia chai. Ananiita Makilopi. Nikaamka, shavu limeshikana na gundi ya fremu.

Jumamosi, 12 Julai

Mama Elspethi amejibu! Anauliza babu aliipataje damu ya Uskoti, na kama kuna mtu yeyote aliyewahi kusikia habari hiyo. Swali la kitaalamu. Nimemjibu kwamba utafiti unaendelea.

Nikaenda Makere kwa wazazi kuuendeleza. Baba alikuwa anapukuchua maharage. Nikamweleza mpango: kuanzia sasa yeye ni Nkunzimana Makilopi, mama Makilopi, mimi Makilopi, wote jina moja, Mzee Saady akose la kusema. Baba alimenya ganda moja. Akauliza kama Mzungu huyo anadai shamba. Nikamwambia hapana. Akaendelea na maharage.

Shangazi Theodosia, dada yake baba, hakunyamaza. Baba alisilimu ujanani, shangazi akabaki na rozari yake na mdomo wake. Alitaka kujua Mskoti huyo alikuwa wapi mama yake babu alipojifungua kichakani wakati wa kukimbia. Nikamwambia mambo ya nasaba ni marefu. Akasema hata ulimi wangu ni mrefu, na nilianza kuongea kabla ya kuota meno.

Lakini wamekubali kwenda Kibondo kuposa! Ijumaa! Nawapenda hawa watu. Nimempa shangazi miwani mpya bure. Amesema sasa ananiona vizuri na hajafurahi.

Jumatano, 16 Julai

Fundi wa sare za shule amenishonea sketi ya mirabaraba, ya kijani, kama wavaavyo wanaume wa Uskoti. Nitaivaa ndani ya kanzu. Itaonekana wakati muafaka.

Lukmani alipita kibandani. Kasikia. Akaniita shemeji Mzungu mbele ya wauza dagaa, akauliza kama mahari nitatoa kondoo au mvua. Nikamjibu kwamba kwetu Uskoti wauza ndoo huingilia mlango wa nyuma. Wauza dagaa walicheka. Nadhani walinicheka mimi, lakini kicheko ni kicheko.

Asmahani kapiga simu. Anasema baba yake kanunua mchele mzuri, maana yake anatumaini. Akaniomba Ijumaa nikae kimya, nimwachie baba yangu aongee. Nikamuahidi. Baada ya kukata simu nilibaki nimeishikilia sikioni muda mrefu, nasikiliza ukimya wake. Hata ukimya wake mtamu.

Ijumaa, 18 Julai

Kwa desturi mposaji hakai barazani siku ya posa. Nilikaa. Nani mwingine angeieleza Uskoti?

Baada ya swala tukapokelewa vizuri, zulia, kahawa, kashata. Baba alikuwa ndiyo kwanza anakohoa ili aanze. Nikasimama! Nikasema sisi ni akina Makilopi, ukoo wa milima na ukungu, baba Makilopi, mwana Makilopi, na kuanzia siku ya ndoa binti yenu ataitwa Asmahani Makilopi. Nikainua kanzu kidogo. Mirabaraba!

 Mjomba mmoja wa Asmahani akatazama ukutani.

Shangazi Theodosia ndiye aliyeinuka. Yemwe, jamani! Akaniuliza kama nimerogwa. Baba yangu si ndiye atakuwa baba mkwe wa binti? Na kwetu mkwe wa kike si mwiko kutamka jina la baba mkwe wake? Akamtaja mama yangu: tangu aolewe hajawahi kulitamka jina la babu, hata jirani yetu mwenye jina kama la babu anamwita Yule wa Mgombani. Sasa binti wa watu akienda kliniki akaulizwa jina, atajibu nini? Ataitwa Asmahani Yule wa Mgombani? Ataishi bila jina lake mwenyewe?

Nikasema Uskoti hakuna mwiko huo. Shangazi akasema nihamie huko na sketi yangu.

Ndipo baba akaongea. Hakupaza sauti. Akasema jina la babu, Habonimana, maana yake aonaye ni Mungu. Mama yake babu alimpa kwa sababu alimzaa kichakani, njiani, hakuna mtu aliyewaona. Akasema mimi niliitwa Ndayisaba, namwomba, kwa sababu nilizaliwa sipumui vizuri na usiku kucha aliomba. Akasema hakumwomba Mskoti. Halafu akanitazama. Pua ile! Nilitamani sakafu ifunguke.

Tukaanza kugombana wote watatu, kwa Kiha, kwa Kirundi, kwa mikono. Shangazi akanivuta kanzu. Kahawa ikamwagika.

Mzee Saady akagonga sinia. Akasema inatosha. Akasema alikuwa anaogopa kumtoa binti kwa watu wa kuokotana, lakini watu wa kuokotana hawagombani hivi. Hii ni familia. Amekubali. Ila posa ameipokea kwa baba Nkunzimana, mwana wa Habonimana, na mtu asimtajie Makilopi tena humu ndani.

Amekubali! Lukmani alikuwa ng'ambo ya barabara, kakumbatia ndoo. Asmahani alichungulia kwenye pazia, kajifunika mdomo na mtandio, mabega yanatikisika. Kilio cha furaha, bila shaka.

Jumapili, 20 Julai

Ukungu tena, mweupe, mwororo. Nimelala chali nautazama ukiingia dirishani bila hodi. Ndani yake naona ndoa. Namwona Asmahani.

Jana alipiga simu. Akaniapisha: hakuna uongo tena wa ukoo, wa kwangu wala wa mtu mwingine. Nikaapa. Mama Elspethi naye kaandika kwamba kwa masikitiko hakuna Makilopi aliyewahi kufika Kigoma, lakini barua zangu zimewafurahisha chamani. Waungwana. Nimeishinda posa kwa utafiti, na utafiti unahitaji kupumzika.

Ila nimegundua jambo. Wakati wa chakula cha posa Mzee Saady alituhesabia babu zake, nami nilisikiliza kitaalamu. Kuna pengo! Kati ya Mwinyi Kombo na yule aliyejenga msikiti, pale mzee hukohoa na kuruka. Maskini, baba mkwe wangu, anabeba pengo lile moyoni miaka yote, hana wa kumwambia.

Nimekaa na simu tangu alfajiri. Nimempata wa kuziba. Mreno, nahodha, mtu safi kabisa, hana mtoto hata mmoja anayejulikana.

Simwambii Asmahani. Iwe zawadi. Nitaitangaza siku ya ndoa, mbele ya sheikh.