Nyanya Aliyehamia Nyuma ya Jina Langu

Munezero, mke wa Rémy
Ndosho, Goma
Desemba 2022

Kwa Bwana Mkuu wa Ofisi ya Kuandikisha Familia Zinazopokea Wakimbizi

Nakala kwa kujulisha: Papa Nzabonimpa, baba yangu mzazi, wa Keshero; Mama Julie, mama mkwe wangu; na yeyote aliyeitengeneza ile maktaba, popote alipo.

Kuhusu: Kumwondoa nyanya yangu katika chumba cha maharusi

Bwana Mkuu,

Nakuandikia kwa mkono wenye pete mpya, kwa hiyo utanisamehe ikiwa mistari inapanda na kushuka. Bado sijazoea uzito wake, na kila nikiitazama nasahau nilitaka kusema nini.

Nimeolewa na Rémy, fundi wako wa informatika, wa kompyuta, yule mrefu anayekaa karibu na dirisha. Tangu nimfahamu sielewi kwa nini Mungu aliendelea kuumba wanaume wengine. Nasema hivi ili ujue tangu mwanzo kwamba malalamiko yangu hayamgusi yeye. Yeye hana kosa. Mwenye kosa ni maktaba.

Labda kwa wingi wa mikutano hujapata nafasi ya kujua mambo yanayotendeka ndani ya mashini za ofisi yako. Mimi nina diploma yangu ya sekondari, na mume wangu amenieleza akiwa amenishika mkono, kwa hiyo nitakueleza vizuri. Familia zote ziko katika faili moja kubwa. Kila kitu ndani yake kina alama ya kukifungua na alama ya kukifunga. Nyumba inafunguliwa, ndani yake baba anafunguliwa na kufungwa, mtoto anafunguliwa na kufungwa, kisha nyumba yenyewe inafungwa. Rémy halisomi faili hilo kwa macho, wala haandiki kila hatua kwa mkono wake. Anatumia maktaba, yaani mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa na mafundi wa nchi za mbali. Anaiambia kwa mstari mmoja: mtafute fulani, mtoe hapa, mweke pale. Nayo inatii.

Jumatatu iliyofuata harusi yetu, Rémy alinipa zawadi ambayo nadhani hakuna mwanamke mwingine wa Ndosho aliyeipata. Alinitafuta ndani ya faili, akanikuta kwa baba yangu, mtaani Keshero, akaandika mstari mmoja, akanihamishia nyumbani mwake. Karatasi ikachapishwa, ikapigwa muhuri, akaniletea. Niliibusu. Sikuisoma hadi mwisho.

Mwisho wake ndio uliotuletea balaa. Vita vya Rutshuru vilipomtoa kijijini kwake Kalengera nyanya yangu, Koko Nyiramahirwe, mama wa marehemu mama yangu, alikimbilia kwa baba. Nyumba ilikuwa imejaa ndugu walioteketezewa zao na volkano mwaka uliotangulia. Kwetu mgeni akikosa kitanda hulala na binti wa nyumba, basi Koko alilala na mimi. Mwandikishaji wenu alipopita alimwomba karte ya kitambulisho. Koko aliipoteza njiani, na mtu asiye na karte hapewi alama yake mwenyewe katika faili lenu. Mwandikishaji alikuwa mtu wa huruma. Alifungua jina langu, akalifunga, halafu nyuma yake, nje ya alama yoyote, akaandika maneno matupu: na nyanya yake, anayelala naye, na jogoo. Ndivyo walivyoandikwa wengi wasio na karte, kila mmoja nyuma ya yule anayelala naye, na mchele wa mgao ukatoka bila shida. Programu ya mgao husoma jina, halafu husoma maneno yanayolifuata.

Sasa sikiliza tabia ya maktaba hii. Ukikitoa kitu mahali pake, inakitoa pamoja na maneno yote yaliyo nyuma yake, mpaka ikutane na alama nyingine. Rémy hakuijua tabia hiyo. Alidhani anahamisha mke. Alihamisha mke, nyanya na jogoo.

Siku ya mgao, Koko aliambiwa Keshero kwamba mchele wake uko Ndosho kwa Rémy. Alifika mlangoni kwetu na godoro juu ya magurudumu ya mbao ya chukudu, jogoo kwapani, karatasi yenye muhuri mkononi. Nilimwuliza kuna nini. Akajibu kwa utulivu kabisa: "Banasema fasi yangu njo hapa. Karatasi njo inasema." Bwana Mkuu, huyu ni mama aliyekwisha kuhamishwa na waasi, na wanajeshi waliokuja kumlinda dhidi ya waasi, na mlima. Ninyi peke yenu ndio mliomhamisha kwa muhuri. Alitii kwa heshima zote.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Maktaba ilimhamisha mtu bila kumwonya. Mlima Nyiragongo, pamoja na ukali wake wote, uliwasha anga kwanza, tukapata muda wa kubeba sufuria. Waasi nao, kwa adabu yao, huanza na milio ya mbali. Maktaba haikutoa hata mlio. Rémy anasema ilimaliza kazi bila kuripoti kosa lolote, na sauti yake anaposema hivyo ni ya mtu anayeisifu. Nampenda hata katika hilo.

2. Maktaba inadai kila kitu kiwe na mzazi mmoja tu. Ukikiweka kwa mzazi mpya, kinafutika kwa wa zamani. Nani aliyewaambia mafundi hao kwamba mtu ana mzazi mmoja? Papa Nzabonimpa alinizaa. Mama Katungu, jirani yetu, alinibeba mgongoni hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, wakati wa volkano ya 2002, mama yangu akiwa hana nguvu ya kunibeba. Koko alinilea Kalengera tangu mama alipofariki mpaka nilipoanza shule. Hapa Goma mtu aliyebaki na mzazi mmoja tu huitwa yatima. Papa alipoonyeshwa karatasi na kukuta nyumba yake haina tena mtoto hata mmoja, aliwatumia ujumbe wakwe zangu: kama wamenichukua mzima, bila kubakiza hata jina, basi ile hesabu ya mbuzi wa mahari ianze upya. Mama Julie hajanisalimia vizuri tangu hapo.

3. Chumba chetu ni kimoja. Kina kitanda, pazia la maua nililoshona mwenyewe, na sasa godoro la Koko chini ya kitanda chetu, upande wa mlango. Sitaki kusema mengi, kwa sababu wewe ni mtu mzima na nakala inakwenda kwa baba yangu. Nitasema la Jumapili tu. Tulikuwa tumepumzika baada ya misa, na Rémy akaninong'oneza kwamba tangu anioe anaona ziwa la Kivu limebadilika rangi. Chini ya kitanda sauti ikajibu: "Ni matope ya mvua ile, bwana yangu." Maana Koko, kama nyanya wote wa kwetu, humtania mume wa mjukuu wake kwa kumwita bwana yake. Hujitambulisha kwa majirani kuwa yeye ndiye mke mkubwa na mimi nimeletwa kumsaidia kazi. Majirani wananipa pole. Rémy anacheka mpaka anatokwa machozi, na anapocheka ni mzuri kiasi kwamba nakosa nguvu ya kukasirika, jambo ambalo nalo naliweka kwenye hesabu ya maktaba.

4. Jogoo.

5. Maktaba ina ukali wa upendeleo. Rémy ananiambia kwamba alama moja isipofungwa, faili lote linakataliwa, na mstari wenye kosa unatajwa. Tena alama ya kufunga lazima iwe na jina lile lile la ile ya kufungua. Nilimwambia mpenzi wangu, basi ipe na mkoa wetu iupime. Vita vilifunguliwa hapa kabla sijazaliwa. Ndani yake vikafunguliwa vingine, na ndani ya hivyo vingine tena. Kila mara wakubwa wanapanda ndege, wanakaa hotelini, wanatia sahihi mbele ya kamera. Lakini kundi lililofungua kwa jina moja linafunga kwa jina lingine, na mwezi unaofuata linarudi na jina la tatu na cheo cha juu zaidi. Maktaba ingelikataa hilo kwenye mstari wa kwanza kabisa. Mbona basi haikuletwa kusoma mikataba ya amani, ikaletwa kusoma godoro la Koko?

6. Hatari kubwa iko mbele. Nimefikiri sana juu ya hili wakati nikichambua maharage. Tukipata mtoto, na Mungu akipenda tutapata, pindi tukiachwa peke yetu, ataandikwa ndani ya nyumba yetu. Fundi mwingine asiye makini akimwingiza katikati, kati ya jina langu na maneno yanayolifuata, Koko atakuwa nyuma ya mtoto. Binti huyo ataolewa, naye atahamishwa kwa mstari mmoja kwenda kwa mumewe, Koko nyuma yake na jogoo. Kisha binti wa binti. Ukoo wetu utakuwa na nyanya wa kudumu anayehama kutoka chumba cha maharusi hadi chumba cha maharusi mpaka mwisho wa dunia, na kila siku ya mgao atakuwa akipewa mchele. Sijui kama bajeti yenu inaliweza hilo.

Kwa hayo yote naomba, kwa unyenyekevu: Koko arudishwe katika faili kwa baba yangu Keshero, yeye na maneno yake, nami nibaki kwa mume wangu. Pili, maktaba iitwe ofisini ijieleze. Ikikataa, aliyeitengeneza aje apangishe chumba Ndosho na alale na nyanya wa mtu. Tatu, ikiwa mambo hayo mawili yanahitaji kibali cha Kinshasa, basi mimi na Rémy tuandikishwe kama wakimbizi wa ndani, ndani ya chumba chetu wenyewe, na tupewe turubai. Tutalining'iniza katikati.

Nimalizie kwa kuwatakia afya wote wa hapo ofisini: katibu wako, walinzi wa getini, dereva aliyetupa lifti siku ya harusi, na yule mama anayewapikia sombe ya majani ya muhogo ambayo Rémy huisifu kuliko yangu. Kwako mwenyewe na kwa mama wa nyumbani kwako namwomba Mungu awape furaha kama yangu, lakini katika nyumba yenye vyumba viwili.

Mimi mwenye furaha na malalamiko,

Munezero

N.B. Koko aliona ninaandika, akaomba nimsomee. Nilimsomea yote, hata namba tatu, kwa sababu alinitazama usoni muda wote. Hakukasirika. Pale kwa binti wa binti alicheka. Halafu akaniuliza: "Sasa wakikutoa mbele yangu, mimi nitabakia nyuma ya nani?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilimpigia Rémy simu, naye akaniambia ukweli. Katika nyumba ya baba yangu jina la mtoto lilikuwa langu tu. Wale ndugu wa volkano wana orodha yao. Maneno ya Koko yakirudi kule bila mimi, yatakuwa hayafuati jina la mtu, na programu inayosoma jina na yanayolifuata itayapita bila kuyaona. Kumweka nyuma ya jina la baba haiwezekani. Koko ni mama mkwe wake. Kwetu hawali hata chakula meza moja, na hakuna mwandikishaji atakayethubutu kuandika kwamba analala naye. Karte mpya inatakiwa ikachukuliwe kwao Rutshuru, na barabara ya Rutshuru unaijua iko mikononi mwa nani. Kwa hiyo ombi langu la kwanza likikubaliwa kama nilivyoliandika kwa mwandiko mzuri, hakuna atakayefutwa na hakuna kosa litakaloripotiwa. Ila mchele wa Koko hautatoka Keshero wala Ndosho, wala popote.

Nilimweleza hayo polepole. Akaanza kukunja godoro lake. Alisema mjukuu wake amesoma, na barua ya mtu aliyesoma isiende ofisini ikiwa ya uongo, basi yeye ataondoka arudi Keshero ili yaliyoandikwa yawe kweli. Aliposema hivyo hakuwa anatania, Bwana Mkuu. Mtu aliyehamishwa mara nyingi hukunja godoro haraka sana.

Nimelikalia. Nakuandikia nikiwa juu yake, na Koko amesimama mlangoni na jogoo akingoja niinuke. Karatasi nyingine sina, kwa hiyo naituma barua hii ilivyo. Tafadhali anza kuisoma hapa. Usirekebishe chochote. Usimguse fundi wako wala mstari wake. Na siku yoyote mtakapoamua kulisafisha faili na kufuta maneno yasiyo na alama, kama Rémy anavyosema mnapanga kufanya, jueni kwamba hayo si maneno. Mwacheni nyuma yangu. Nikihamishwa, ahamishwe.