Gia Tano kwa Gari la Marehemu

Jumatatu, 3 Juni
Jumamosi binti yetu anaolewa. Ataenda ukumbini kwa gari kuukuu la marehemu babu yake. Tangu utotoni hajaomba kingine. Mama mkwe amenikabidhi funguo kwa sharti moja: nilioshe, basi. Nilioshe! Gari lina gia tatu, na mlima wa ukumbini huupanda likinung'unika. Nimepata giaboksi ya gia tano, imetoka kwenye gari la mizigo lililokufa. Mke wangu asijue.

Jumanne, 4 Juni
Mke wangu amejua. Gari liko juu ya matofali uani, chini ya kamba yake ya nguo. Giaboksi ya zamani imetoka, ikaniangukia kifuani. Kaka yake, anayejiita Injinia kwa sababu anauza feni, amekuja kunywa chai na kutazama. Kauliza kama nimepima. Nikamwambia pilipili asiyoila yamwashia nini. Akasema gari lake jipya liko tayari, hata riboni ameshanunua. Riboni!

Alhamisi, 6 Juni
Imeingia! Bolti mbili zimekataa, nimezisamehe. Tatizo dogo: giaboksi hii ni ndefu. Mkono wa gia, badala ya kutokea ubavuni mwa dereva, umetokea kiti cha nyuma. Nimekaa mbele nikanyoosha mkono. Haufiki. Nikajaribu mguu. Tusizungumzie mguu. Ya zamani hairudi leo wala kesho, vishikio vyake nimeshavikata. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Binti ameona tundu sakafuni, akalia. Moyo uliniuma kweli. Nikamwahidi atapanda gari la babu yake hata nikilisukuma. Mama yake akasema hicho ndicho anachokiogopa.

Ijumaa, 7 Juni
Mpango mpya: mimi usukani na klachi, mtu wa nyuma gia. Nimemwomba Injinia, kwa unyenyekevu. Tumejaribu mtaani. Nikisema mbili, anauliza kwa nini mbili. Gari limetuzimikia mbele ya duka la kona, wateja wakatoka kutuangalia. Kajiuzulu, kaenda kufunga riboni.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe alifika amependeza. Akatazama sakafu. Akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke. Hakunikaripia, alivua viatu, akaingia nyuma kando ya bibi harusi, akaushika mkono wa gia na kuniagiza nikikanyaga klachi nikanyage mpaka mwisho. Hakungoja nimtajie namba, aliisikiliza injini. Mlimani akarudisha gia ya pili bila kishindo. Binti alicheka njia nzima. Injinia na riboni zake walitufuata nyuma, gari tupu.

Ukumbini mama mkwe alinieleza kwamba marehemu hakuwahi kuzielewa gia. Miaka yote yeye, akiwa kiti cha pembeni, ndiye aliyekuwa akimbadilishia, huku mwenzake akisifiwa kwa udereva. Kisha akaniamuru nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Nikaitikia mbele ya wakwe wapya.

Jumapili, 9 Juni
Nyumba kimya bila binti. Nimeyatafakari sana maneno ya mama mkwe, na kosa langu nimeliona: mkono wa gia. Bibi wa watu ateseke kubadilisha gia kwa umri ule? Dawa ni otomatiki. Kuna jamaa ana giaboksi ya basi dogo, karibu nzima. Mke wangu asijue. Ni ndefu kidogo, lakini buti la lile gari huwa tupu.