Pasipoti Ndani ya Godoro la Susu

Leo nimeaibika, jamani. Niko saiba, kwenye kompyuta za kukodi hapa Machakos mjini, macho yamevimba, na chini ya meza kuna kuku amefungwa miguu. Someni tu.

Mnajua nilikuwa huku Masinga mwaka mzima, najitolea kufundisha chekechea. Leo ndiyo siku ya kurudi nyumbani Morogoro. Asubuhi nikagawa vitu vyangu: sufuria kwa jirani, ndoo kwa kanisa, godoro kwa Susu. (Susu ni bibi kwa Kikamba. Huyu analea mjukuu wake, Mwende, aliyefiwa na mama. Walikuwa wanalalia magunia.)

Huku mgeni haondoki bila kuombewa. Mzee wa kanisa akapaza sauti: "Baba, umrudishe huyu mwalimu kwetu!" Watu wakalia. Mimi nikalia kuliko wote, mpaka kamasi. Nikapewa kuku. Mwende akanishika sketi.

"Utarudi?"

"Nitarudi." (Nitarudi na nini? Hata nauli ya leo nimechangiwa.)

Nikapanda bodaboda. Kufika Kithyoko kungoja basi, napapasa mkoba, pasipoti hakuna! Ndipo nikakumbuka: niliishonea ndani ya godoro wiki ile ya kwanza, naogopa wezi. Mwaka mzima sijaibiwa hata sindano!

Nikageuza bodaboda. Mwende ndiye aliyeniona kwanza. "Mwalimu amerudi! Amerudi!" Watoto mbio, kina mama mbio. Mzee wa kanisa akavua kofia. "Haki Mungu ni wa ajabu. Hata chai haijapoa!"

Ningesema nini? "Nimefuata... godoro."

Susu akaingia ndani, akalitoa akiwa amelibeba kichwani, akaliweka miguuni pangu. Alikuwa ameshalitandika shuka lake la wageni.

"Chukua tu, mwalimu. Sisi tumezoea chini."

"Hapana, Susu! Pasipoti yangu iko ndani!"

Nikaomba wembe. Nikapiga magoti uani, nikachana godoro mbele ya kijiji kizima, sponji zinaruka, kuku anapiga kelele. Pasipoti ikatoka. Susu akaiangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Kwani mwizi alikuwa nani hapa?"

Niliomba ardhi ipasuke. Haikupasuka (ardhi ya Masinga ni ngumu, mvua haijanyesha). Susu akaleta uzi, tukalishona godoro pamoja. Yeye alishona vizuri. Mimi nilijichoma kidole, na nililia, na safari hii hakuna aliyelia nami.

Hakuna aliyeniombea mara ya pili. Watu wana mashamba yao. Mwende peke yake ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani, na hakunishika sketi.

"Nitarudi, Mwende."

"Ulisharudi," akasema, akageuka kwenda kwao.

Basi ndiyo hivyo. Kuku ametaga hapa saiba, yai limepasuka, na mwenye saiba anauliza nani atapangusa. Mnaotaka kucheka chekeni, ila asiwepo wa kuniuliza Masinga narudi lini.