Siku Kasri Liliporuka

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha! Binti yangu, mwalimu wa darasa la tatu, kaingia asubuhi hii anapiga vigelegele. Ile filamu ya vikaragosi imepatikana! Mkutubi wa maktaba kaikuta stoo, ndani ya bati lenye kutu, nzima kabisa. Jumamosi itaonyeshwa kwenye ukumbi wa shule yao. Na mgeni rasmi nani? Baba yake, yaani mimi, niliyemchezesha Kobe.

Nikatabasamu.

Miaka thelathini na saba nimewasimulia watu wa nyumba hii jinsi nilivyomtembeza Kobe katika hadithi ile ambayo kila mtoto ameisoma, ya msichana anayepungua mpaka anaingia nchi ya chini ya ngazi. Unasogeza mguu wa kikaragosi, kidogo tu, kama unene wa ukucha. Unapiga picha. Unasogeza tena. Picha ishirini na nne ndiyo sekunde moja! Naeleza vizuri mno. Binti yangu alikua anabembelezwa kwa maneno hayo.

Ukweli ni kwamba pale studio nilikuwa nabadilisha balbu. Kobe sikumgusa hata siku moja.

Mke wangu anajua. Alikuwa anakaanga vitunguu, hakugeuka hata kidogo. Kasema tu njia ya mwongo fupi, halafu akaniuliza chumvi iko wapi.

Jumanne, 4 Machi

Balaa juu ya balaa. Kumbe Kobe mwenyewe naye kapatikana, kwenye bati lile lile! Binti kaniletea ndani ya boksi la viatu. Anataka niwaonyeshe watoto kwa vitendo, kabla ya filamu kuanza.

Nikajifungia chumbani nifanye mazoezi. Nimesogeza mguu, mguu umetoka. Nikatafuta gundi. Gundi ikashika mguu, ikashika kidole changu, ikashika na shingo ya Kobe. Nusu saa nimekaa kitandani na kobe mkononi, najiita mjinga. Mwishowe nikamwita mke wangu. Alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaenda kuleta mafuta ya kupikia.

Kasema niende nikamwambie mtoto ukweli, leo leo. Nikamwambia nina mpango bora zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Vidole, dada tuliyempa jina hilo studio kwa wepesi wa mikono yake. Yeye ndiye aliyemchezesha Kobe. Yeye, si mimi. Anakaa juu ya duka la fundi cherehani, nyuma ya soko, chumba kimoja safi. Nilibeba machungwa, nikajifanya nimekuja kumjulia hali.

Niandike yote, maana hapa hakuna anayesoma.

Studio ile ilikuwa na sheria moja: hakuna kusalimia. Anayesogeza kikaragosi anahesabu kichwani. Ukimwambia habari za asubuhi, hesabu inapotea, Kobe anarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Ukiingia, inua kidole, basi. Lakini mimi nimelelewa! Siku hiyo mzee mwenye studio akaingia ghafla, mvi tupu. Nimpite mzee wa watu kama gogo? Nikainama kwa adabu zangu zote, shikamoo mzee, na makalio yangu yakaipiga meza. Kasri la Mfalme, lililosimamishwa juu yake kwa ajili ya picha, likaruka.

Kazi ya siku kumi na moja! Mzee alikuwa ananitazama usoni, ya nyuma hakuyaona. Akauliza nani kagusa meza. Aliyekuwa kwenye meza ni Vidole peke yake, kamwinamia Kobe. Vidole akanitazama. Mimi nikatazama balbu.

Muda wa kurudia haukuwepo. Kasri likaachwa liruke hivyo hivyo kwenye filamu, Vidole akafukuzwa, na jina lake likatolewa kwenye majina ya mwanzo wa filamu. Vikaragosi hakuvigusa tena. Alikwenda kushona vifungo kwa fundi wa chini hapo mpaka vidole vikagoma.

Sasa vimepinda, maskini. Kobe hawezi kumshika. Alinielekeza kwa mdomo, mikono ikawa yangu: taratibu, mdogo wangu, pumua kwanza, sasa mguu wa nyuma. Kwa saa mbili nzima Kobe alitembea mezani kwake. Vidole alifurahi kama mtoto. Hakuniuliza najifunza ya nini.

Niko mlangoni, ndipo akasema habari za Jumamosi amezisikia sokoni. Angependa kuja. Na kama si usumbufu, kabla ya filamu, nilitaje jina lake. Mara moja tu, watoto walisikie.

Nikaapa kwa Mungu. Nilishuka ngazi zile naona aibu hata kukanyaga.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa mkutubi. Nikamshauri sehemu ya katikati ya filamu airuke, ile ya kasri, maana watoto wataogopa. Kaniuliza wataogopa nini. Nikasema ngazi. Kasema filamu si muwa, haikatwi.

Jioni nikamwita binti yangu nimwambie. Akakaa, akaniwekea mkono begani, akasema wanafunzi wake wote wanamwonea wivu kwa baba aliyempata. Nikamwambia nilitaka kumuuliza tu kama amekula.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui naanzia wapi.

Watoto mia mbili, wamekaa sakafuni. Vidole safu ya tatu, kavaa gauni la buluu lililopigwa pasi, kajipaka mafuta. Jina lake kamili nililiandika kiganjani. Binti yangu akanitambulisha: hii ndiyo mikono iliyompa Kobe uhai! Makofi. Nikashika kipaza sauti. Nikamshukuru mwalimu mkuu. Nikamshukuru mkutubi. Nikaishukuru na kamati ya usafi! Jina la Vidole halikutoka. Wino ulikuwa unasomeka vizuri, nisijidanganye. Niliogopa tu nikisema Vidole ndiye aliyemchezesha Kobe, mtoto mmoja atauliza, na wewe babu?

Kobe nikamtembeza vizuri. Watoto wakasema aaah. Vidole alikuwa anahesabu kwa midomo.

Kisha filamu. Kasri likaruka. Watoto wote wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, babu, nyumba ile imefanyaje? Nami, mdomo wangu huu, nikasema ni tetemeko la ardhi. Tulilipanga wenyewe!

Vidole akatazama mikono yake.

Baada ya filamu nilitaka kutoka kwa mlango wa nyuma. Binti akawahi kumwendea Vidole, akamwamkia, akamuuliza, mama, nasikia na wewe ulifanya kazi na baba? Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Vidole akamtazama binti yangu. Akanitazama mimi. Akajibu, ndiyo mwanangu, mimi nilikuwa nabadilisha balbu.

Kazi yangu! Kaichukua yeye, mbele ya mtoto wangu, na uso mkavu. Binti akamshika mikono yote miwili, akamshukuru.

Nikamsindikiza Vidole hadi getini. Kasema alijua tangu siku ile kwamba si kiwiko chake kilichoipiga meza. Miaka yote alingoja niseme mwenyewe, na leo alikuja akidhani nitasema. Lakini kaona mtoto anavyonitazama, na yeye hana moyo wa kumvunja mtoto wa mwenzake. Akaniaga kwa adabu. Nimelia chooni, maji nimeyafungulia ili mke wangu asisikie.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka na uamuzi. Leo nasema yote, potelea mbali. Mke wangu nikamwambia mapema, akanimiminia chai mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya tangu Jumatatu.

Binti kaja na habari. Mwalimu mkuu anataka picha yangu itundikwe ukumbini, mimi na Kobe, watoto waione kila siku. Nikasema hapana. Nikamwambia kaa, mwanangu, kuna jambo lazima ulijue. Mke wangu akafunga bomba asikie vizuri.

Nikasema, yule mama wa balbu naye awemo kwenye picha. Tusiwasahau wadogo. Bila balbu, hakuna filamu.

Binti kanikumbatia. Machozi yakamtoka. Kasema baba una moyo wa pekee. Mke wangu katoka nje, kaacha chai yake mezani, na mpaka sasa hajanisemesha.

Aibu niliyonayo haiandikiki. Mpiga picha anakuja kesho saa nne. Nimejaribu shati jeupe, linaonyesha jasho. Nitavaa la kijani.