Asilimia Nne Haiingii Nyumbani Mwangu

Jumatatu, 4 Machi 2024
Bi Hägele, mjane wa nyumba ya pembeni, anauza. Kanitangazia mwenyewe asubuhi, huku akifagia njia ya lango letu, wiki ambayo zamu ya kufagia ni yangu! Yuro laki nne, bustani ndani. Tayari kuna aliyeulizia: Ottmar, kaka wa mke wangu. Atakopa benki kwa asilimia nne. Mpumbavu! Mimi nina mkataba wa akiba ya ujenzi. Miaka tisa naweka, na zamu yangu ya kukopeshwa kwa asilimia mbili inafika Mei. Bi Hägele kakubali kuningoja hadi Mei, kwa heshima ya ujirani.

Jumatano, 6 Machi
Nimepiga hesabu. Mkataba wangu ni wa laki moja tu. Laki tatu zilizobaki nikope benki, kama Ottmar? Heidrun, mke wangu, anasema tuchanganye, huku kidogo na kule kidogo, kama wafanyavyo wenye akili. Nimemwambia asilimia nne haiingii nyumbani mwangu. Akauliza nyumba ipi, hii ya kupanga?

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda kwa wakala wa mkataba wangu, Bwana Dietz. Nimemwamuru aupandishe mkataba hadi laki nne. Akaanza kueleza. Nikamwambia anyamaze, masharti haya nayasoma tangu yeye hajaota ndevu. Ada: yuro elfu tatu. Wizi mtupu! Nimesaini.

Jumanne, 19 Machi
Barua. Zamu yangu si Mei tena. Ni mwaka 2033!
Nikampigia Dietz. Anasema ndilo alilotaka kunieleza: mkataba ukikua, akiba ile ile haitoshi tena, unarudi nyuma ya foleni. Nikamwita mnyang'anyi. Akajibu, “Bwana Brenner, uliniambia ninyamaze, nikanyamaza.” Eti naweza kuupunguza tena, zamu irudi Mei. Na ile ada ya elfu tatu? Hairudishwi. Basi haupunguzwi hata senti!
Bi Hägele kasema Mei angengoja. Mwaka 2033 atakuwa na miaka tisini na mmoja, na hana nia ya kuwa anafagia.

Ijumaa, 12 Aprili
Ottmar kasaini ununuzi wa nyumba ya Bi Hägele kwa mthibitishaji wa mikataba. Kaja na chupa ya divai. Eti, shemeji, karibu kwangu wakati wowote, mlangoni hakuna foleni. Heidrun kacheka mpaka kakaa chini. Kaka na dada, damu moja! Divai ilikuwa chachu. Nimekunywa glasi tatu ili nihakikishe.

Jumamosi, 13 Aprili
Mzee Pfleiderer wa ng'ambo ya barabara ana nyumba kubwa kuliko ya Bi Hägele. Mwanawe wa pekee yuko Kanada, harudi. Nimemtazama mzee akipanda ngazi: mwaka 2033 hivi, atauza. Bei itakuwa imepanda, kwa hiyo mkataba lazima uwe wa laki sita. Heidrun kaondoka jikoni bila neno. Amekubali.
Miadi na Dietz: Jumatatu, tarehe 15, saa nne asubuhi. Nimemwonya aje na kalamu tu.