Nyasi za Bani na Farasi wa Bwana Harusi

Jumatatu, 11 Mei
Siku njema! Bi Zuwena amekubali: Jumamosi mwanawe Nasri atakwenda kuoa akiwa juu ya Mtemi wangu, farasi pekee hapa Chemchem. Sharti moja tu, mbavu zisionekane. Zikionekana, kijana anapanda mkokoteni wa punda wa Abasi. Mkokoteni! Abasi ni jirani yangu, anawakatia nyasi ng'ombe wa mapadre wa Kipalapala. Aliposikia alicheka mpaka kofia ikadondoka. Tutaona.

Jumanne, 12 Mei
Kaja Daktari Adelina wa mifugo. Kasema nyasi ndiyo chakula chenyewe: zikatwe zikiwa laini, zianikwe juani, zigeuzwe zisiote ukungu. Protini ni ya kuongezea tu, majani ya karanga kidogo na mashudu ya alizeti kopo moja. Nimeitikia kwa adabu. Lakini kama kopo linajenga mwili, je, ndoo? Nimempa ndoo. Kala yote, kipenzi changu!

Jumatano, 13 Mei
Mtemi anakunywa maji na kukojoa, anakunywa na kukojoa. Mke wangu Kuluthumu anasema harufu ya banda inamtoa machozi, na kama protini ndiyo hii, nikalale nayo. Wivu.
Nyasi zangu bado mbichi. Abasi anageuza zake juani polepole, anapiga mluzi. Mambo ya kale! Mimi mtu wa Tabora, nchi ya tumbaku. Shemeji Luhende ana bani la kukaushia tumbaku, na msimu umekwisha. Tumezijaza humo, tumewasha moto. Jua la nini?

Alhamisi, 14 Mei
Zimekauka! Rangi ya dhahabu, harufu ya sigara. Mtemi kanusa, kapiga chafya, kanigeuzia makalio. Nimenyunyiza chumvi. Chafya. Nikatafuna mimi mwenyewe mbele yake, nimwoneshe mfano. Nikapiga chafya.

Ijumaa, 15 Mei
Nyasi hagusi, anataka mashudu tu. Kuluthumu kasema nikamwombe Abasi tita moja. Mimi? Kwa Abasi? Bora nife! Nimemfunika Mtemi velveti nyekundu kuanzia shingoni mpaka mkiani. Bi Zuwena kaja kukagua, kasifu velveti, kaondoka. Akili ni mali.

Jumamosi, 16 Mei
Ndoa imefungwa, alhamdulillahi. Ila kwanza yalitokea haya.
Tulitoka vizuri, dufu zinalia, Nasri juu na joho lake. Njia panda akapita Abasi, mkokoteni umejaa nyasi za mapadre. Mtemi akanusa. Akageuka. Nikavuta kamba, kamba ikanivuta mimi. Velveti ikaanguka, mbavu zote nje, Bi Zuwena anatazama! Nasri akauliza kama kwao bibi harusi wamehama. Wapiga dufu wakatufuata, maana kazi yao ni kumfuata bwana harusi. Abasi akadhani tunamzomea, akamchapa punda. Mtemi naye akaongeza mwendo.
Tukafika Kipalapala, getini kwa seminari, na dufu zetu. Padre Wilbroad akatukaribisha, akatuletea maji, akauliza kwa upole tumekuja kwa lipi. Nikaomba maji mengine. Mtemi alikwishazamisha kichwa kwenye nyasi alizoshusha Abasi na hakuna aliyeweza kumtoa. Nasri akarudi mjini kwa mkokoteni wa Abasi, unyasi kilembani, anacheka. Bi Zuwena hakucheka.

Jumapili, 17 Mei
Asubuhi Abasi kaniletea matita mawili ya nyasi, zawadi. Kasema nimpe Mtemi hizi, na mashudu kopo moja, basi. Nimemshukuru kwa moyo, jirani mwema yule. Kuluthumu kanipashia moto pilau ya harusi. Nimekaa barazani, nimeshiba, nimeridhika kabisa.
Nimetafakari sana kosa lilikuwa wapi. Ni wazi: mashudu hayakutosha. Kesho ndoo mbili. Na nyasi za Abasi nimezishika, naona zina unyevunyevu. Luhende ameshawasha bani.