Mwenyeji wa Siku Tatu

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Siku ya pili kwa binti yangu, nesi katika jiji hili la ugenini. Jiji la ajabu. Treni ya saa tatu na dakika saba inafika saa tatu na dakika saba. Nilisimama na saa mkononi nikingoja ichelewe hata kidogo. Wapi!

Binti kanipa somo kabla ya kwenda kazini. Kadi ya nauli igusishwe kwenye mashine wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, kushoto waachie wenye haraka. Tazama rangi ya njia ya treni kwanza, ndipo uulize kituo. Anwani ya nyumbani iwe kwenye karatasi, mfukoni. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani wa miaka thelathini, mtu namkatia suti kwa kumtazama tu. Jiji halinishindi. Akasema suti haina njia kumi na moja.

Stesheni kuu kuna kibanda cha maelezo kwa wageni. Humo anakaa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani. Anazungumza lugha sita, yetu ikiwa ya nne. Watu wanafika wamekunja uso, wanaondoka wanatabasamu. Wateja wangu huondoka wakiuliza nguo itakuwa tayari lini. Nimempa jina: Bi Kamusi. Nimeona wivu, sifichi.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Kwetu siwezi kuvuka barabara bila kuulizwa jambo. Hapa sijaulizwa lolote tangu niliposhuka kwenye ndege. Binti anashinda kazini, mimi nashinda na kuta.

Kwa hiyo, mpango. Nimekata boksi, nimeandika kwa herufi kubwa, kwa lugha yetu: MAELEZO KWA WAGENI. Nikakaa kwenye benchi karibu na mlango wa pili wa stesheni. Wateja wawili! Wa kwanza alitafuta choo. Nilimwelekeza bila kusita, nilishaenda mara tatu. Wa pili aliuliza kama maji ya bomba yananyweka. Yananyweka, tena ni matamu. Nikajiona mtu mzito.

Saa sita Bi Kamusi akaja, mpole kabisa, akasema nikihitaji ramani anazo nyingi, za bure. Nikamjibu kwamba ramani ninayo kichwani. Akakitazama kichwa changu kwa muda.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Siku mbaya. Niandike yote.

Saa tano alikuja bibi mmoja na sanduku la bluu, ametoka uwanja wa ndege. Alipoona maandishi ya lugha yetu karibu alie. Binti yake alikuwa chumba cha kujifungulia tangu alfajiri, mimba ya kwanza, na mkwewe hakuthubutu kumwacha ili aje kumpokea mgeni. Bibi alitaka hospitali. Nikamwambia ametua mahali penyewe, binti yangu anafanya kazi hospitalini. Njia ya kijani, kituo cha sita. Nikambebea sanduku, nikampandisha, nikampungia mkono.

Binti akapiga simu wakati wa chakula. Nikamsimulia kwa majivuno. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Baba, mimi nipo hospitali ya macho."

Simu ya bibi ilikuwa haijashika mtandao wa huku. Nikakimbilia kibandani nikapita foleni nzima. Hakuna aliyenikaripia, walisogea wakanipisha. Bi Kamusi hakuniuliza kwa nini. Aliuliza saa ngapi, njia gani.

"Sasa sema alichovaa," akasema. "Taratibu."

Hilo nililiweza. Koti la sufu la kijivu, vifungo vinne, cha tatu kimeshonwa kwa uzi mweusi. Pindo la kushoto limefumuka. Akalisema neno kwa neno kwenye simu, kituo baada ya kituo, huku ameushika mkono wangu.

Dakika kumi na moja! Walimkuta katika foleni ya wagonjwa wa macho, amepewa namba, amekwisha kupimwa jicho la kulia. Mfanyakazi wa kituo akasoma anwani kwenye karatasi ya bibi, ambayo mimi sikuiomba, akamchukua kwa lifti, wakabadili treni kwenda njia ya rangi ya machungwa, akamfikisha hadi mlango wa wodi ya wazazi. Mtoto alizaliwa dakika ishirini baadaye. Wa kike. Bibi alikuwepo.

Nilikaa chini nikalia kidogo. Bi Kamusi akanipa maji. "Ukiwa hujui, mwambie mgeni hujui," akasema. "Mimi husema hivyo mara kumi kwa siku."

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Nikaenda kuomba radhi. Akanipa kazi: nisimame kwenye mashine za tiketi, niwaambie watu wa lugha yetu sentensi moja tu, kwamba kibanda kile pale. Nimewaambia ishirini na watatu. Hakupotea hata mmoja. Sijawahi kufurahia kazi hivi.

Jioni mimi na binti tukaenda kumwona mtoto. Bibi hakunilaumu. Kumbe jicho lile lilihitaji miwani, na hakuwa anajua.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Narudi nyumbani. Niko katika uwanja wa ndege wa nchi nyingine, nabadili ndege. Nimefika dakika arobaini zilizopita.

Mume na mke wamekuja kuniuliza mlango wa kumi na nne uko wapi. Nikafungua mdomo kusema sijui. Lakini walivyonitazama kwa matumaini! Nikawaambia wanyooke, wapinde kushoto, wapite duka la maua, washuke ngazi. Wameondoka kwa hatua za uhakika, na wengine wanne wamewafuata.

Nimetazama tiketi yangu. Kumbe na mimi ni mlango wa kumi na nne. Nafunga daftari niwakimbilie. Wanaonekana wanajua wanakokwenda.